Kamera ya Kuingia Nayo Majini

Kahaso alizishika kamera zote mbili, moja mkono huu na nyingine mkono ule, akasimama katikati ya duka kama mtu anayepima viazi kwa kukisia. Duka lenyewe ni kibanda cha mabati pale Kongowea, na mwenyewe, Mzee Mbwana, alikuwa ameshakunywa kahawa, ameshaswali, ameshauza betri za redio kwa watu kadhaa, na msichana bado amesimama palepale.

"Mwanangu," alisema Mbwana, "hizo si pacha, useme ukimbeba mmoja mwenziwe atalia. Chagua."

"Nachagua, mzee."

"Wachagua tangu adhuhuri."

Mkono wa kulia alikuwa na kamera kubwa nyeusi, ile ya kubadilisha lenzi ambayo vijana huiita DSLR. Haikuwa ya mabingwa. Ilikuwa ya mtu anayeanza kazi, lakini ilikuwa na ukanda mpana wa shingoni, na ilipobonyezwa ilitoa mlio wa kushiba. Ukiitazama tu unaiona harusi: bibi arusi ameketi, maua nyuma yake yamefifia kama ukungu, na wajomba wanavutana kola ili watoke vizuri. Mkono wa kushoto alikuwa na kidude cha rangi ya chungwa, kimejaa kiganja basi, kimezungushwa mpira pembeni. Kikianguka kwenye saruji, unakiokota. Kikiingia mchanga, unakiosha kwa maji ya mfereji. Ukikizamisha baharini, kinaendelea na kazi yake.

Pesa zake, za kufua mashuka katika hoteli moja ya Shanzu, zilitosha kamera moja. Na Jumapili Hawe Kaviha alikuwa anabatizwa.

Hawe ni nyanya yake, mzaa baba. Amewakatalia wachungaji wa kila aina, akiwapa chai na kuwarudisha walikotoka, hadi watu wakaacha kumuuliza. Kisha mwaka huu, bila kuombwa na mtu, akasema yuko tayari, na maji anayotaka ni ya baharini, si ya pipa. Katika maisha yake yote Hawe alikuwa na picha moja tu, ya kitambulisho, nayo ilimwonyesha kama mtu aliyekamatwa na mbuzi wa jirani. Kahaso alitaka nyingine. Alitaka uso wa Hawe wakati unatoka majini. Uso huo ukipita umepita, kwani mtu harudishwi majini kwa sababu mpiga picha hakuwa tayari.

Simu yake ililia. Alikuwa shangazi Pascalia, binti wa Hawe na mwenyekiti wa akina mama kanisani.

"Umeichukua ile kubwa?"

"Bado, shangazi."

"Bado ya nini? Nimeshawaambia akina mama wote mpiga picha wetu ana mashine ya maana. Usije ukaniletea kidude cha kufungulia soda pale, Kahaso, nitakukana mbele za watu."

Shangazi hakuwa anasema ovyo. Kuanzia Kisauni hadi Bamburi, mpiga picha hujulikana kwa kile kinachoning'inia kifuani. Watu wakiiona kamera kubwa hupisha njia, hurekebisha vilemba, huwaita watoto waje wasimame mbele. Wasipoiona, basi wewe ni mgeni mwenzao, nenda kapange foleni ya pilau.

"Niambie ukweli, mzee," alisema Kahaso akiirudisha simu mfukoni. "Ungekuwa wewe?"

"Mimi ningependa uichukue kubwa. Faida yake nzuri." Mbwana alicheka mwenyewe. "Na ni kamera hasa, wallahi. Jicho lake kubwa. Ndani ya kanisa, taa hafifu, hii yaona; hiyo ndogo itakupa chengachenga kama uji ulioiva nusu. Ukitaka kazi ya harusi, ni hii. Lakini tone la maji ya chumvi likiingia humu, usiniletee mimi, peleka ukaizike. Na lenzi yake hii ya kuanzia haivuti mbali. Jumapili wasimama wapi?"

"Mchangani, na wengine."

"Na bibi yako?"

"Majini."

Mbwana alichukua kitambaa akaanza kufuta kioo cha kabati. Kahaso aliitazama kamera kubwa kwa mapenzi ya kweli. Aliibonyeza mara ya mwisho ausikie ule mlio. Kisha akaiweka juu ya meza taratibu, akafunga kiganja chake juu ya kile kidude cha chungwa, na kukibana kifuani kama mtu aliyekimbia na kitu kisicho chake.

Jumapili kanisa zima lilishuka pwani ya Shanzu saa nne asubuhi. Saa hiyo ilipangwa na Mchungaji Phineas, kijana mpole aliyehamishwa kutoka Kakamega juzijuzi, na aliipanga vizuri kabisa: ibada fupi, ubatizo, kisha chakula nyumbani kwa Hawe kule Mtopanga. Alizingatia jua, akazingatia wazee, akazingatia pilau. Bahari hakuizingatia. Wala hakuna aliyemkumbusha, maana kanisa lile nusu ni watu wa Ganze na Kaloleni, wajuzi wa muhogo na mnazi, na nusu ni watu wa bara, wajuzi wa mahindi. Ilikuwa bamvua, na maji yalikuwa yamekupwa hadi karibu na mwamba.

Mchungaji alisimama ukingoni katika joho lake jeupe, akatazama uwanja mpana wa mchanga, mwani na vidimbwi.

"Bahari imeenda wapi?" aliuliza.

Mama mmoja aliyekuwa akiwauzia wageni leso aliangua kicheko. "Imetoka kidogo, mchungaji. Alasiri itakuwa imerudi."

Akina mama walitazamana. Alasiri? Na nyama iko jikoni? Mchungaji akashika Biblia yake vizuri, akasema Wana wa Israeli pia walitembea pakavu, na msafara ukaanza.

Lilikuwa jambo la kuonwa. Watu wa majoho meupe wakikokotana juu ya mwani, kwaya ikiimba na kila baada ya ubeti sauti moja ikipotea kwa sababu mwenyewe ametumbukia kidimbwini, kaa wadogo wakitawanyika mbele yao kama watoto waliomwona mwalimu. Hawe Kaviha alitembea katikati, mpana, wima, miguu peku, akiwaonyesha vijana pa kukanyaga.

Shangazi Pascalia alimkaribia Kahaso na kuuona mkono wake.

"Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hii, shangazi."

"Rangi ya chungwa."

"Ili ikianguka majini ionekane."

Shangazi alivuta pumzi kwa pua. Tangu simu ile ya dukani alikuwa na wasiwasi, na alikuwa ameshachukua hatua zake: alimwita Lenox, mpiga picha wa harusi za Kiembeni, aje na mashine inayoeleweka. Na kweli Lenox alikuwepo, kamera kifuani, na watu walikuwa wakimpisha njia hata pale ambapo njia ilikuwa pwani nzima. Alipofika mahali maji yanapoanza kulamba vifundo vya miguu, alisimama.

"Mimi mwisho wangu hapa," alisema. "Hii ikilowa, nitarudi kuuza makaa."

Kutoka pale hadi kwenye kina cha kiuno kulikuwa na safari nyingine. Lenox aliinua kamera, akachungulia, akaishusha. Mchungaji na wazee wawili wa kanisa walikuwa wamekuwa vijiti vya kibiriti.

Kahaso alikaza leso yake kiunoni, akaingia.

Sasa, katika kanisa lile maji ya ubatizo si ya kila mtu. Huingia mchungaji, huingia wazee wawili, huingia anayebatizwa, basi. Wengine hubaki nje wakiimba. Kahaso alilijua hilo tangu utotoni, na alikuwa ameshafika magotini sauti ya shangazi ilipopita juu ya kwaya nzima.

"Kahaso! Toka kwenye maji ya ubatizo!"

"Abee, shangazi!" aliitika kwa adabu zote, na akazidi kwenda.

Alijiweka kando ya wazee, maji tumboni, kidude kimefichika kiganjani. Hapo ndipo alipojua kidude kile kimempa nini. Hakuna aliyemwona. Kijana aliyetoka majini akikohoa hakujikausha uso kwanza ili apendeze. Alikohoa tu, akalia, akacheka. Dada mmoja alipotezewa kilemba na wimbi, akakifuata akiogelea kwa furaha, joho limevimba mgongoni kama puto. Kahaso alibonyeza, akabonyeza. Mawimbi yalimpiga usoni, yakaipiga na kamera, naye akaifuta kwa kidole kama mama anavyomfuta mtoto kamasi, wakaendelea.

Kisha akaja Hawe.

"Mwanangu," alimwambia mchungaji, akimpima kuanzia utosini hadi majini, "mimi nina uzito."

"Bwana atatutia nguvu, nyanya."

"Akutie wewe. Mimi ninazo."

Mzee mmoja wa kanisa alikohoa kuficha kicheko. Mchungaji akaweka mkono mmoja mgongoni kwa Hawe, mwingine juu ya mikono yake iliyofumbatwa, akatamka maneno yake kwa sauti nzuri, na akamlaza. Wakati uleule mguu wake ukakanyaga jiwe lenye mwani.

Wakazama wote wawili.

Kwaya ikakatika. Kahaso hakufikiri, alivuta pumzi akazama nao. Chini kule kulikuwa kijani na mwanga, majoho yakipepea polepole, na katikati yake Hawe, macho wazi, mashavu yamejaa hewa, hana hofu hata chembe, anamtafuta mchungaji kwa mkono kama mtu anayetafuta sabuni iliyoteleza karaini. Kahaso alibonyeza. Mkono ukakamata joho. Hawe akajikusanya, akasimama, na Kahaso akaibuka pamoja naye akibonyeza huku chumvi ikimchoma macho.

Hawe alitoka majini akicheka. Kinywa wazi, meno yake machache yote nje, maji yanamtiririka kwenye mikunjo ya uso, na mkono wake wa kulia umemshika Mchungaji Phineas kwa ukosi, umeuinua ule mwili mwembamba nusu juu ya maji kama mtu anayetoa ndoo kisimani.

"Haya, baba," alisema. "Wewe umeshabatizwa mara ya pili, mimi ya kwanza. Tumalize."

Vigelegele vilivyopigwa huko ufukweni viliwainua wauza leso, wapiga mbizi, hata walinzi wa hotelini. Hawe alipofika mchangani akina mama walimviringishia leso mpya, moja juu ya nyingine, akawa kama tita la rangi. Lenox akamsimamisha pale, akapiga picha zake, na zilikuwa picha za kweli: uso laini, kila uzi wa leso unahesabika, bahari nyuma yake imeyeyuka. Kahaso alizitazama kwenye kamera ya mwenzake, roho ikamwuma kidogo kwa tamaa.

"Hizi sikuweza," alimwambia.

"Na wewe ulikuwa wapi?" aliuliza Lenox. "Nilikutafuta sikukuona."

Alasiri, kule Mtopanga, pilau ikiwa imeshaliwa hadi ukoko, waliunganisha kamera ya Kahaso kwenye televisheni. Sebule ilijaa, dirishani kulijaa. Picha zilipita, watu wakijiona kwa mara ya kwanza namna wengine wanavyowaona, wakipiga makofi, wakisukumana. Ilipofika ile ya chini ya maji, waliokuwa nyuma walisimama juu ya viti. Ilipofuata ile ya Hawe na mchungaji mkononi, chumba kilipasuka. Mzee mmoja wa kanisa aliteleza kutoka kitini. Hawe alisogea hadi karibu na kioo, akaugusa uso wake mwenyewe kwa ncha ya kidole.

"Huyu mimi," alisema. "Huyu ndiye."

Mchungaji Phineas alikuwa amefunika macho kwa kiganja, mabega yanamtikisika, na ilichukua muda watu kujua kwamba anacheka. "Kama mbuzi wa Krismasi," alisema.

Ni shangazi Pascalia peke yake ambaye hakucheka. Alisimama mbele ya televisheni, mikono kiunoni, akawa yeye ndiye picha.

"Mmefurahi? Kesho hii itakuwa kwenye simu za Kisauni nzima. Mchungaji wetu ananing'inia. Na huyu," alimnyooshea Kahaso kidole, "nimemwita mbele ya watu atoke kwenye maji matakatifu, akaniitikia abee na kuendelea. Ameingia asipostahili, amemdhalilisha mtumishi wa Mungu. Ifute hiyo, Kahaso. Kisha usimame hapa uombe radhi."

"Pascalia," alisema Hawe.

"Mama, usimtetee. Aombe radhi."

Vicheko vilikufa kimoja kimoja. Kahaso aliinuka kutoka sakafuni. Nguo zake zilikuwa zimekauka na kuwa ngumu kwa chumvi, nywele vivyo hivyo. Akina mama wote wenye harusi za watoto wao mwakani walikuwa mle ndani wakimtazama, na alijua fika shangazi akisema neno moja, hakuna hata mmoja atakayempa kazi. Alizima televisheni. Akaichomoa kamera, akaitia mfukoni, akafunga kifungo.

"Shangazi, shikamoo yako utaipata kila asubuhi," alisema. "Vyombo vya leo nitaviosha vyote, na masufuria nitakubebea hadi kwako. Ukitaka nisikanyage tena majini siku ya ubatizo, sitakanyaga. Lakini picha siifuti."

"Na radhi?"

"Siombi."

"Hata kwa mchungaji?"

"Hata kwake. Siombi, shangazi."