Jeneza la Mtu Mzima

Pikapu ya fundi Musyimi ilifika Matinyani kutoka Mukuyuni waombolezaji wakiwa bado wanakunywa chai, na turubai lilipofunuliwa, vikombe vilishushwa uwanja mzima. Jeneza lilikuwa jeupe pepepe. Ubavuni palichorwa malaika wenye mashavu manene, na juu ya kifuniko paliandikwa kwa rangi ya samawati: Lala Salama Mtoto Wetu.

Aliyekuwa akizikwa siku hiyo ni Mutanu, mama wa miaka sitini na minne aliyefariki kwa nimonia, mwenyekiti wa mwethya, kile kikundi cha akina mama wanaochimbiana mitaro ya kuzuia udongo usichukuliwe na mvua.

Nzilani, binti yake wa pekee, alilizunguka jeneza polepole.

"Nani aliagiza hili?"

Mjomba wake Mbaluka, mdogo wa marehemu, alikohoa. "Mimi. Nilimpigia fundi simu nikamwambia futi nne. Nilidanganya?"

"Hukumwambia ni dada yako mkubwa?"

"Hakuuliza."

"Nikiambiwa futi nne mimi najua ni mtoto," Musyimi alijitetea, kofia mkononi. "Pole sana, mama. Hata machozi yalinitoka nikichora hao malaika."

"Nzilani, pasta anangoja," mjomba akasema. "Jeneza ni jeneza. Na tusidanganyane, mwili wa dada yangu ulikuwa wa mtoto."

Neno hilo Nzilani alikuwa amelisikia tangu akiwa mdogo. Alimpita mama yake kwa urefu kabla hajamaliza shule ya msingi, na huko kliniki muuguzi alimuuliza yeye, Nzilani, ni nini kinachomsumbua huyo mdogo wake. Mutanu alijibu kutoka huko chini, "Huyu nimemzaa mimi, kwa kupasuliwa. Kovu ninalo, nikuonyeshe?" Foleni nzima ilicheka, na muuguzi alibaki akitafuta kalamu iliyokuwa mkononi mwake.

Sababu ya kimo cha Mutanu waliijua akiwa tayari ana mvi, siku Daktari Nasreen wa mjini Kitui alipopokea majibu ya damu kutoka Nairobi. Daktari aliyaeleza bila haraka. Ubongo hutoa homoni ya ukuaji. Homoni hiyo hufika kwenye ini, nalo ini hujibu kwa kutengeneza kitu kingine kinachofanana kidogo na insulini, kinachoitwa IGF. Hicho ndicho hasa kinachoihimiza mifupa irefuke.

"Homoni unayo, mama, tena kunishinda mimi. Lakini ini lako haliisikii, kwa hivyo IGF yako ni kidogo sana."

"Kumbe nimeishi na kiziwi tumboni," Mutanu akasema. "Na hatujawahi kugombana."

Nzilani aliuliza kama kuna dawa. Ipo, daktari alisema, sindano ya IGF yenyewe, lakini humfaa mtoto ambaye mifupa yake bado inakua. Halafu akaongeza jambo ambalo Mutanu alilibeba mpaka nyumbani kama zawadi. IGF ikizidi nayo ina shida zake: wapo watu wazima ambao mikono na taya zao hukua bila kukoma, na wataalamu wameihusisha na baadhi ya saratani. Katika nchi za mbali walikochunguzwa watu kama Mutanu, saratani imeonekana kwao kwa nadra sana. "Si ahadi," daktari alionya. "Wenyewe bado tunajifunza."

"Jifunzeni," Mutanu alisema, akanyoosha mkono. "Chukua damu nyingine. Hii ni ya mtu mzima, imekomaa."

Sasa Nzilani alimgeukia mjomba wake. Sauti yake haikupanda.

"Mwili wa mama haukuwa wa mtoto. Ulikosa kitu kimoja tu, na mengine yote uliyafanya. Ulinizaa mimi. Hiyo mitaro unayoiona mpaka kule bondeni, ni nani aliyeipima?"

Hapakuwa na mtu asiyejua. Mtaro wa mwethya haukuhesabiwa kuwa umekwisha mpaka Mutanu aingie ndani, asimame wima, apotelee humo. Wavivu walipotaka kuacha mapema, kichwa chake kilichungulia juu ya ukingo: "Bado mnaniona. Chimbeni!"

"Mama yangu hazikwi na malaika wa kuchorwa," Nzilani akasema. "Pasta atangoja."

Nduku, mama mnene aliyekuwa makamu wa Mutanu, alisogea akakwaruza rangi kwa ukucha.

"Fundi, chini ya hii nguo ya kipaimara kuna mbao gani?"

"Mukau, mama. Mukau mzuri. Hata roho iliniuma kuupaka rangi."

"Msasa unao?"

"Kiasi."

"Basi leta. Akina mama, vaeni leso. Leo ni zamu ya shamba la Mutanu."

Waliliteremsha jeneza kivulini na kulizunguka kama walivyozoea kuzunguka shamba, kila mmoja na kipande chake. Wenye msasa walisugua, waliokosa walikwangua kwa visu na vipande vya chupa. Malaika walitoka mmoja mmoja. "Huyu ana mashavu ya Mbaluka," Nduku alisema, na uwanja mzima ukacheka. Mbaluka mwenyewe alivua koti, akaomba kipande cha msasa, na akaanza na lile neno Mtoto. Chini yake mbao ilijitokeza, nyekundu ya kahawia, yenye mistari mirefu. Musyimi aliipaka mafuta ikang'aa.

Jua lilikuwa limeanza kuinama walipomlaza Mutanu humo. Vijana wawili walikuja kumbeba, kwa kuwa jeneza la kimo kile hubebwa na wawili.

"Mtu mzima hubebwa na sita," Nzilani alisema.

Akashika mbele, Nduku akashika upande wa pili, na wanne wa mwethya wakajipenyeza nyuma yao. Nafasi haikutosha. Mabega yaligongana, miguu ikakanyagana, vumbi jeupe la rangi likawadondoka kutoka kwenye leso.

"Nduku, songa, unanibana!"

"Nisonge wapi? Mwenyekiti ndiye aliyetuambia tufanye kazi karibu karibu."

Wakaenda hivyo mpaka kaburini, sita wakiwa wamebanana kama kuni kwenye mzigo, na Nzilani mbele yao, shingo imenyooka.