Mikono Iliyotaka Kusuka

Uliwaona. Usijitie huna habari. Mwaka ule wa themanini na sita basi lenu lilisimama Katoro, ukashuka kununua karanga, na ng'ambo ya barabara walikuwepo wanawake wameinamia makarai juani. Ukageuza shingo. Mmoja wao alikuwa Limi.

Limi alitoka Tinde, akamwacha binti yake Mageni kwa bibi. Kazi yake machimboni ilikuwa kukanda: unga wa mwamba unatiwa kwenye karai, unamwagiwa maji na zebaki, kisha mwanamke anauvuruga kwa viganja vitupu mpaka zebaki ikusanye dhahabu yote. Wala hanawi kwa sabuni, hata wakati wa kula, kwa maana machimbo yote yaliamini kuwa sabuni inafukuza dhahabu. Akida, mwenye duara, yaani shimo la dhahabu, akisikia harufu ya sabuni kwa mwanamke, humtimua siku hiyo hiyo.

Limi akikanda hakuyaona yale matope. Alikiona kichwa cha Mageni, zile nywele nyingi, ngumu, zenye harufu ya moshi na samli, na kovu dogo nyuma ya sikio. Alitamani kumweka katikati ya magoti yake amsuke, taratibu, mpaka mtoto asinzie.

Ila vidole vilikuwa vimeanza kutetemeka.

"Baridi hiyo," Chausiku, mwenzake wa karai, alimtania. "Tafuta mume."

"Baridi ya saa sita mchana?"

"Basi tafuta wawili!"

Wakacheka. Chausiku mwenyewe siku hizo alikuwa akishika kikombe kwa mikono miwili.

Pamba ilipokwisha kuvunwa, Limi akapanda lori hadi Tinde. Mageni alikuwa amerefuka.

"Shikamoo, mama," alisema kwa haya, kama anayemwamkia mgeni.

"Marahaba, mwanangu. Njoo nikusuke."

Akashika kitana. Mstari wa kwanza ukaenda upande. Akaufumua. Wa pili, kitana kikamchoma mtoto, akaruka.

"Mama, umelewa?"

"Sijanywa kitu."

"Mbona unatetemeka kama babu Bujiku akitoka kilabuni?"

Limi alicheka, akaanza upya. Vidole vikakataa. Mama yake, aliyekuwa akipepeta mtama, akaweka ungo chini, akasogea.

"Lete, ng'wanone, mwanangu."

Limi hakutoa. Alikibana kitana mpaka meno yake yakamwingia kiganjani. Mwisho akakiachia. Akakaa pembeni, akaitazama mikono ya kizee ikipita kwenye nywele alizoziota mwaka mzima, na Mageni akasinzia magotini pa bibi.

Zahanati walimwambia apumzike. Hakuna aliyemuuliza anafanya kazi gani. Akarudi kwenye karai. Ulitaka aende wapi? Mtoto anakula, mtoto anavaa.

Sasa sikiliza, wewe unayesoma umekunja miguu. Limi hahitaji machozi yako. Yuko mwingine leo hii, kainamia karai, na mikono yake bado inaweza kusuka. Inuka! Nenda machimboni, simama mbele ya mwenye duara, mwambie zebaki isiguswe tena kwa mkono mtupu, na usitoke pale mpaka yule mama anyanyuke. Leo, si kesho.