Madaraja ya Penseli

Cleopa hakuwa na cheti cha shule ya mchana. Elimu yake aliipata kwenye madarasa ya jioni, baada ya jembe. Hakuwa na bisibisi ndogo. Hakuwa na miwani inayomfaa, wala subira, wala tabia ya kuomba msaada. Na tangu mwezi wa pili hakuwa na mke.

Kompyuta alikuwa nayo. Ofisi ya kanisa ilipoletewa mpya, ile ya zamani ilitolewa nje pamoja na viti vibovu, naye akaifunga kwenye baiskeli akaipeleka nyumbani kwake Mabwerebwere. Juu ya mashine hiyo yeye na Domina walijifunza kuchapa, kila mmoja kwa kidole kimoja. Domina alichapa nyimbo za kwaya. Akibonyeza herufi, ilimlazimu kungoja itokee.

"Baba Loveth, mashine yako inatembea kama mgonjwa," alisema siku moja.

"Nitaifungua ikimbie."

"Lini?"

"Kabla hujafa."

Walicheka sana. Kisha Domina akafa, na mashine ilikuwa bado inatembea.

Sasa arobaini ilikuwa imekaribia. Mpiga picha wa kwaya alimletea Cleopa flashi yenye video ya Krismasi, Domina akiimba peke yake ubeti wa kwanza. Cleopa aliutangazia ukoo mzima kwamba siku ya kuanua tanga wataiona, na wataiona kwenye mashine ileile. Alipoijaribu, picha ilikwama. Sauti ilitangulia, mdomo ukafuata. Domina, ambaye hakuwahi hata mara moja kuchelewa kuingia kwenye wimbo, alionekana kama mtu asiyeujua.

"Baba, runinga ya jirani inasoma flashi," alisema Loveth, binti yake.

"Jirani ndiye aliyemwahidi mama yako?"

Loveth akarudi jikoni. Alimfahamu baba yake.

Cleopa akampigia Kasian, fundi wa kompyuta wa kule Mikumi. Babu yake Kasian alikuwa Mnyamwezi aliyekuja kutandika reli, kwa hiyo ukoo wake na wa Cleopa, Msagara, walikuwa watani tangu zamani. Kasian alikuwa mdogo kwa Cleopa kwa miaka mingi, lakini shikamoo hakumpa. Mtani haamkii.

"Eti nini? Unataka kuongeza kasi?" Kasian alicheka mpaka simu ikakwaruza. "Msagara wewe, ongeza kasi ya kupanda mlima! Prosesa, yaani moyo wa mashine hiyo, imefungwa tangu kiwandani. Kizidishi chake hakiguswi."

"Kimefungwa na nani?"

"Na waliosoma mchana."

Ulikuwa utani, na utani haumkasirishi mtu. Cleopa alikata simu akiwa amekasirika.

Alichukua simu ya Loveth na kamusi yake ya Kiingereza, akakaa barazani asubuhi tatu mfululizo akisoma. Alielewa kwamba kasi ya prosesa ni hesabu ya kuzidisha tu: bodi inapiga mapigo yake milioni mia kwa sekunde, prosesa inayazidisha. Ya kwake ilizidisha mara saba. Kisha akafika mahali palipoeleza kwamba prosesa nyingi za aina hiyo zilikuwa na uwezo wa kuzidisha mara tisa, ila juu yake kulikuwa na vijidaraja vya shaba, vidogo kuliko chawa, ambavyo kiwanda kilivikata makusudi ili ya bei ndogo isifanane na ya bei kubwa.

Alivua miwani.

"Loveth! Njoo usikie wizi huu! Mtu anakuuzia nyumba ya vyumba tisa, viwili anavipigilia misumari, anakwambia umenunua saba. Na hivyo viwili vimo humohumo, kwenye kiwanja chako, unavifagilia uwanja! Mama yako alikuwa akingoja herufi itokee, na mbio zimo ndani, zimefungiwa!"

"Baba, presha."

"Mto ukikata daraja la reli hapa Kilosa, tunasema ni Mungu. Hawa wamekata kwa mkono!"

Maelezo yalisema daraja lililokatwa huunganishwa kwa penseli. Hapo Cleopa hakuhitaji kamusi. Kwenye darasa la jioni mwalimu aliwahi kuunganisha betri na balbu, akaweka kipande cha penseli katikati ya waya, na balbu ikawaka. Risasi ya penseli hupitisha umeme. Hilo alilijua kabla Kasian hajazaliwa.

Alichonga penseli mpaka ncha ikawa kama mwiba. Akafungua mashine kwa ncha ya kisu, akaiondoa feni, akaichomoa prosesa kwa kuishika kingo, akaichunguza kwa kioo cha kukuzia. Daraja moja baada ya jingine alilichora, akipumua kwa pua ili asiipulizie. Mstari mmoja ulipotaka kugusa mwenzake aliufuta kwa njiti ya kiberiti na kuanza upya. Akasogeza vibonye vya kwenye bodi kutoka saba hadi tisa. Mashine ilipowaka, mahali kwenye skrini palipokuwa panaandika mia saba paliandika mia tisa.

Video ilitiririka. Domina alifungua mdomo na sauti ikatoka wakati huohuo. Akavuta pumzi kabla ya mstari wa pili, na Cleopa aliiona pumzi hiyo ikiinua kitambaa cha shingoni. Aliizima palepale. Iliyobaki angeiona pamoja na watu.

"Mpigie Kasian umweleze," alisema Loveth. "Atafurahi."

"Atakuja, ataona kwa macho. Simwelezi kitu."

Siku ya kuanua tanga watu walikwenda makaburini na Cleopa. Watani, kama desturi yao, walibaki nyumbani kuchokoza wapishi na kutafuta cha kuchukua. Mtani msibani huchukua kitu ambacho mwenye nyumba anakipenda kuliko vyote, kisha mwenye nyumba hukikomboa, watu wakacheka, na machozi yakaisha. Waliokwenda makaburini waliporudi walimkuta Kasian amesimama juu ya kigoda, amevaa kofia ya marehemu baba yake Cleopa, ameinua mkono.

"Enyi Wasagara! Nimeng'oa moyo wa bwana huyu! Komboa!"

Katikati ya vidole vyake kulikuwa na prosesa.

Watu waliangua kicheko. Cleopa naye alionyesha meno. Akaagiza jogoo aliyeletwa na shemeji zake kutoka Masanze, akamkabidhi, na Kasian akamnusa na kusema kwamba hata jogoo huyo anahitaji kuongezwa kasi. Kisha kwa mikono ya fundi hasa akairudisha prosesa mahali pake, akafunga feni, akawasha.

Wote wakakaa. Domina akatokea. Akafungua mdomo, picha ikakwama. Sauti ikapanda peke yake. Mdomo ukafumba wakati sauti iko juu, ukafunguka wakati sauti imenyamaza. Watoto wakacheka. Mtu mzima mmoja naye akacheka, kwa kudhani ni sehemu ya utani.

Cleopa aliinuka. "Umeifanya nini?"

"Mimi? Sijaifanya kitu. Nimeichomoa, nimepangusa ile dawa ya kupoza joto iliyoenea juu, nimepangusa vizuri kwa leso kama fundi anavyotakiwa, hata masizi yako nimeyatoa. Ulikuwa uchafu mtupu, mtani!"

"Uchafu?" Sauti ya Cleopa ilitoka nyembamba. "Mjinga mkubwa! Mwizi! Toka nyumbani kwangu!"

Kasian alicheka, kwa kuwa mtani akitukanwa hucheka. Cleopa akamvua kofia ya baba yake, akamshika ukosi, akamsukuma hadi barabarani. Kisha akachukua jogoo na kumrusha nyuma yake. Hapo hakuna aliyecheka.

Mzee Damiano, kaka wa Cleopa, aliweka bakuli lake chini. "Mtani hafukuzwi msibani. Umemfukuza ukiwa na hasira ya kweli. Tanga halijaanuliwa. Tutarudi atakaporudi yeye."

Watu wakachukua kanga zao wakaondoka, wengine hawajanawa mikono.

"Ungemwambia, Baba," alisema Loveth akikusanya vyombo. "Angejua kuna penseli, angeishika kingo."

"Usinifundishe!"

Lakini usemi huo ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Jumatatu alichora madaraja upya, mistari minene kuliko ya kwanza kwa kuwa mkono ulijaa ghadhabu. Mia tisa ikarudi. Hakuifungua video. Domina hakumwimbia mtu mmoja chumbani. Aliimbia watu, na watu wamefungiwa nje, na ufunguo uko Mikumi kwa mtu mwenye leso. Alikikasirikia kiwanda, akamkasirikia Kasian, akaikasirikia desturi, kisha akabaki amekaa hana wa kumkasirikia isipokuwa mwenye nyumba.

Akachukua karatasi.

"Kwa mtani Kasian. Mimi sijambo na bado nimekasirika, usije ukasema nimepoa. Ulichokipangusa hakikuwa uchafu. Yalikuwa madaraja, niliyachora mimi, na yalifanya kazi. Ulisema kizidishi hakiguswi. Nimekigusa mara mbili. Sikukwambia kwa kuwa nilitaka uaibike mbele za watu. Nimeaibika mimi. Njoo Jumamosi. Jogoo wako yupo, alirudi mwenyewe. Chukua chochote nyumbani kwangu, kofia, kitanda, hata hiyo prosesa. Lakini baada ya wimbo. Leso yako iache Mikumi."

Aliisoma mara moja tu, maana angeirudia angeongeza matusi. Akaikunja, akaitia kwenye bahasha, akapaka ukingo ugali wa moto kwa kidole na kuukandamiza kwa ngumi mpaka ukashika. Akaenda nayo stendi, akamkabidhi kondakta wa basi la Mikumi.

"Mpe Kasian fundi. Mkononi."

"Shikamoo, mzee. Nimwambie imetoka kwa nani?"

"Marahaba. Anajua," alisema Cleopa, akapiga bodi ya basi kwa kiganja ili liondoke.