Hema la Kilo Mbili

Wakala wa forodha alikuwa mzoefu wa nenda-rudi, lakini safari hii ilikuwa imemfika kooni. Jumanne hiyo ilikuwa siku ya tisa anasimama kwenye dirisha lile lile, kwa mahema thelathini yale yale ya shemeji yake.

Shemeji huyo, mdogo wa mumewe, alikuwa amewabebea mizigo wapanda mlima kwa miaka kumi na minane kabla ya kupata leseni ya kuongoza wageni mwenyewe. Kundi lake la kwanza lilikuwa linafika Alhamisi. Mahema yalikuwa yamelala ghalani, yakisubiri forodha waseme ni kitu gani.

Maana kwenye kitabu cha ushuru, hema jepesi la kubeba mgongoni lina mstari wake na ushuru wake mdogo. Hema la shughuli, lile la kukalisha watu mia, lina mstari mwingine, na huo ushuru unauma. Mkaguzi alikuwa ameandika mstari wa pili.

"Hema ni hema, mama," alisema bila kuinua macho.

"Mkubwa, hili lina kilo mbili. Wanalala watu wawili, tena wawe wanapendana."

Foleni ikacheka. Mkaguzi hakucheka.

"Andika barua."

Alikuwa ameshaandika tatu. Ya kwanza ilipotea. Ya pili iliambiwa haina picha. Ya tatu, yenye picha, iliambiwa picha haioneshi uzito.  Wakala akafungua mfuko wa sampuli aliyokuwa ameisainia ghalani asubuhi, akapiga magoti kwenye korido, akaanza kuunga fito. Dakika tano baadaye hema la kijani lilikuwa limeziba njia kati ya kabati la mafaili na mlango wa mkuu wa kitengo.

Mlango ukafunguka. Mkuu, mama mmoja mwenye kikombe cha chai mkononi, akasimama.

"Hiki nini?"

"Ndilo swali langu, bosi. Leo siku ya tisa."

Mkuu akaweka kikombe juu ya kabati, akainama, akaingiza kichwa na mabega. Hakukuwa na nafasi ya kugeuka, akatoka kinyumenyume. Akaagiza likunjwe, likapimwe kwenye mizani ya vifurushi. Kilo mbili na gramu mia.

"Hili ni la mgongoni," akasema. "Badilisha."

Wakala alitaka kumkumbatia. Lakini mkaguzi alikuwa bado anapekua karatasi.

"Fito zilikuja kwenye katoni zake, bosi. Hizo ni mabomba ya alumini. Mstari mwingine."

"Kitu kikija vipande vipande kwenye mzigo mmoja, kinahesabiwa kitu kizima!" Wakala akafungua kitabu cha kanuni, akaugonga ukurasa kwa kidole. "Soma hapa, mkubwa. Hapa!"

Mkuu akasoma. "Yuko sahihi. Ila kwa kuwa kuna ubishi, uamuzi utoke makao makuu kwa maandishi. Siku mbili tu."

Siku mbili zikawa tatu. Alhamisi wageni wakafika, wakamkuta kiongozi wao hana hata hema moja. Alizunguka mji mzima akitafuta ya kukodi, akakosa. Jioni wakamuaga kwa heshima, wakaenda na kampuni nyingine.

Barua ilitoka Ijumaa. Wakala na shemeji yake wakaenda ghalani kupakia katoni kwenye pikapu.

"Nisamehe, shemeji."

"Umenikosea nini? Umepigana mpaka umepiga magoti." Alikuwa akifunga kamba, akiivuta mpaka katoni zinabonyea. "Wapo wengine, mwezi wa nane. Labda."

 Wakala akakaa kiti cha mbele, akaikunjua barua. Ilikuwa na sentensi moja: mahema ya kubebwa mgongoni, pamoja na fito zake. Akaisoma tena, na tena, akitafuta ni neno gani humo lililohitaji siku kumi na mbili.