Kijiko cha Benedicte

Mezani kwa Benedicte, pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, hapakuwa na huruma. Mjane huyo alifundisha hesabu Bukavu kabla ya vita, na sasa kila Jumamosi mchana aliendesha mchezo: yeye alisimulia nchi ya kubuni, wachezaji walisema wahusika wao wanafanya nini, na dadu iliamua. Aliyekosea aligongewa kikombe kwa kijiko.

Étienne, fundi cherehani aliyefiwa na mkewe, alicheza askari. Kila mlango aliufungua kwa upanga. Ndipo Jumamosi moja ya mwaka 2014 Benedicte akawawekea tukio lisilo na vita: wamshawishi chifu awavushe mto. Walitakiwa kupata mafanikio manne kabla ya makosa matatu, kila mmoja kwa ujuzi wake, na ujuzi uliotumika usirudiwe.

"Namukata chifu," alisema Étienne.

"Chifu iko rafiki." Kijiko kikalia. "Kosa."

"Sasa mi nifanye nini? Sijuake kingine."

"Tafuta, fundi."

Mto haukuvukwa. Lakini Étienne alikuwa na mto mwingine. Alitaka kumwoa Benedicte, na Benedicte alikuwa amemjibu waziwazi: "Mi nakubali. Lakini Norbert akikataa, sitapita juu yake. Ye njo alinibeba njiani tukikimbia vita, miguu yangu ilivimba."

Norbert, kaka yake mkubwa, aliuza vitenge Area 23, Lilongwe. Kwa desturi yao mwoaji husemewa na ndugu zake, naye hunyamaza hadi aulizwe. Étienne hakuwa na ndugu Malawi. Alikuwa na meza ya Jumamosi. Akawaomba wachezaji wenzake wawili: Narcisse, katekista, na Maombi, mama wa Uvira aliyejua kila kwaya ya mkoa wake.

Narcisse aliharibu mlangoni kwa Norbert. Kwa woga aliweka kreti ya Fanta katikati ya sebule kabla ya kusalimu.

"Munatulipa mbele ya bonjour?" aliuliza Norbert.

Nyuma ya pazia la jikoni, alikokaa Benedicte akingoja kuitwa, kijiko kiligonga sufuria. Ti!

Étienne alishtuka. Anahesabu!

Maombi ndiye aliyewaokoa. Alimtambua mke wa Norbert, wakaanza pamoja wimbo wa kwaya ya zamani, hata Norbert akatikisa mguu. Narcisse naye akapata nguvu, akatoa kreti nje, akaingia upya na salamu zote kwa mpangilio wake. Norbert akacheka. Mawili.

"Lakini huyu," Norbert alisema, akimwonyesha Étienne kwa kidevu, "fundi wa viraka. Atamulisha nani?"

"Mi nashona suti!" Étienne aliruka. "Ukitaka nikuonyeshe—"

Ti!

Alikuwa amesema bila kuulizwa. Upanga uleule. Akaketi, mikono katikati ya magoti. Kosa moja tena na wangerudi Dzaleka na Fanta yao. Norbert alimtazama kwa muda mrefu, akingoja aruke tena. Étienne hakuruka.

"Sasa nakuuliza," Norbert alisema, sauti imeshuka. "Dada yangu anahesabuka kila kitu. Banaume banamukimbiaka. We unamutakia nini?"

Étienne alitafuta. Hakupata neno la kupendeza, akatoa lililokuwepo.

"Hanioneake huruma, shemeji. Nikikosea, anasema nimekosea. Na Jumamosi ingine nakuta ameniwekea kiti."

Kijiko hakikulia. Mke wa Norbert alijifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Benedicte!" Norbert aliita.

Akatoka, kijiko mkononi. Kwa miaka yote ya mchezo hakuwahi kumsaidia mchezaji hata kwa kukonyeza jicho. Mwendeshaji, alisema, harushi dadu. Lakini desturi nayo ina swali lake, na anayeulizwa ni mwanamke peke yake: akisema anawajua wageni, amekubali kuolewa.

"Hawa bantu, unabajua?"

Benedicte alimtazama Narcisse, kisha Maombi. Kwa Étienne alikawia.

"Bako na mafanikio matatu," alisema. "Inabaki moja."

"Sikuuliza hesabu, dada."

"Nabajua," alisema Benedicte, akakiweka kijiko mezani polepole, kisitoe sauti. "Nabajua bote."