Aliyeonja Sahani Yangu

Najua mnanisema. Hapa Uvira nikikaribishwa pombe, nikamkataza mwenye nyumba asiionje, mnakonyezana: Ildephonse ameanza kuzeeka vibaya. Haya, leo nitawaambia mwenyewe, maana midomo yenu inachacha kuliko hiyo pombe.

Kwetu hata mtoto anajua kwamba mgeni hapewi kinywaji kabla mwenye nyumba hajakionja. Anapiga funda moja mbele ya macho yako, anameza, ndipo anakupa. Hata kama mmetoka tumbo moja. Si matusi, ni heshima. Anakuambia kwamba kama kuna sumu, tutakufa wawili. Minye nililelewa hivyo na sikuona aibu yoyote.

Sasa, Januari 1960, uhuru ukiwa unabisha hodi, Wabelgiji wakachagua watu wawili wa upande wetu waende Bruseli siku sita kama wageni wao. Kazi yetu huko ilikuwa kutembelea mize, zile nyumba wanamoweka vitu vya kale, na kula vizuri. Minye nilikuwa karani wa posta. Mwenzangu alikuwa Modeste, mwalimu wa Luvungi, mtu mrefu, mpole, anayesema taratibu mpaka unatamani kummalizia sentensi. Nikajiuliza toka mwanzo: kwa nini sasa? Miaka yote hiyo hamkutukaribisha hata kwenye baraza zenu, leo mnatupa makoti ya sufu na tiketi ya ndege kutoka Usumbura? Nilipanda ile ndege nikiwa nimekunja uso.

Baridi ya kule, wee! Theluji imelala barabarani, masikio yanauma mpaka nikayashika kuona kama bado yapo. Mchana wa kwanza mwenyeji wetu, Mzungu mmoja mnene wa wizarani, akatupeleka mahali pakubwa pa kulia. Mhudumu akaja na chupa ya divai, akamtilia Mzungu kidogo tu. Mzungu akaonja, akaitikia kwa kichwa, ndipo na sisi tukatiliwa. Nilifurahi kweli! Nikamwambia Modeste kwa Kiswahili, "Kumbe hawa nao wana adabu. Wanaogopana sumu kama sisi."

Lakini chakula kikaja bila kuonjwa. Sahani imejaa vidude vyeusi vya baharini, vina maganda, vimeachama. Minye mtu wa samaki wa ziwani, mikeke na ndagala, vile vitu nilikuwa sijaviona. Nikasukuma sahani. Mzungu akauliza kuna nini. Nikamjibu kwa Kifaransa safi kwamba namngoja yeye aonje ya kwangu. Mzungu akawa mwekundu shingo nzima, na watu wa meza ya pili wakageuka kutuangalia.

Modeste ndiye aliyeniokoa. Alinyoosha mkono, akachukua kidude kimoja katika sahani yangu, akatafuna, akameza.

"Kula, ndugu yangu," akasema. "Kama ni kufa, minye niko mbele."

Nikala. Na toka pale, kila tulipoketi mezani, Modeste alionja yangu kwanza. Supu, mkate, hata maji. Hakunicheka hata mara moja, na tuliporudi hakumsimulia mtu nje ya nyumba yake. Angekuwa mwingine, mpaka leo ningekuwa kichekesho cha soko la Uvira.

Sasa sikilizeni jinsi moyo wangu ulivyo mbaya.

Siku ya tatu tulienda mize. Humo kulikuwa na ngoma zetu, mikuki yetu, na viti vya machifu vimefungiwa ndani ya vioo. Nikaanza kugombana na yule aliyekuwa akitutembeza: nani aliwauzia hivi? Modeste alibaki nyuma, kwenye chumba cha picha. Alipotufikia macho yake yalikuwa mekundu. Nikamuuliza, akasema ni baridi. Sikurudi nyuma kuangalia alichokuwa amekiona.

Kesho yake alitoka peke yake kwa saa mbili, akarudi bila maelezo. Siku ya tano akatoka tena, na minye nikamfuata. Ndiyo, nilimfuata kwenye theluji kama askari kanzu! Akaenda mpaka mlango wa pembeni wa ile mize. Mzungu mwenye miwani akatoka, akamkabidhi bahasha ya rangi ya kaki. Modeste akaipokea kwa mikono miwili, akainama, akaitia ndani ya shati.

Hotelini nikambana. "Weye, uko na nini hapo kifuani?"

Akafunga kifungo cha shati. "Nitakuambia, ndugu yangu, lakini si leo. Iko muntu anapaswa kusikia kwanza, mbele yako."

Muntu gani? Nikajijibu mwenyewe: bwana mkubwa wa serikali. Huyu amenunuliwa, atakuwa masikio ya Wazungu baada ya uhuru. Kikulacho ki nguoni mwako. Jioni ile alionja supu yangu kama kawaida, nami nikala huku nikimtazama koo lake kama kweli limemeza.

Tuliporudi sikukanyaga tena kwake. Mwezi wa nne akatuma neno niende Luvungi kwenye matanga. Matanga ya nani? Ya mufu wa zamani ambaye hata kaburi hana, na ng'ombe amechinjwa! Nikacheka kwa dharau. Tangu lini mwalimu anachinja ng'ombe? Dalili ya mvua ni mawingu, nikasema, na sikuenda.

Uhuru ukaja, tukacheza, tukachoka. Miaka minne baadaye waasi wakaingia Uvira, wakaanza kuwasaka waliowaita watu wa Wazungu. Asubuhi moja nikaitwa ofisi ya wilaya. Komanda wao ameketi kwenye kiti cha msimamizi wa wilaya, na Modeste yuko sakafuni, mikono imefungwa kwa nyuma.

"Weye na huyu mulienda Bruseli pamoja," komanda akaniambia. "Iko mutu wa Wazungu, ao hapana?"

Nami pia nilikwenda Bruseli, nami pia shingo yangu ilikuwa mle ndani. Modeste akainua macho. Hakuomba kitu.

"Mwambie tu, ndugu yangu," akasema. "Weye unanijua."

Nilitakiwa kusema neno moja tu: huyu ni mtu mzuri, nasimama mbele yake. Badala yake nikasema, "Niliona Mzungu akimpa bahasha kwa siri."

Basi. Sikuongeza chumvi hata punje. Modeste alifungua kinywa, "Ile bahasha ilikuwa..." na wakamnyanyua, wakamtoa nje. Hakurudi.

Barabara ya Luvungi ilipofunguka nilikwenda kumpa pole mkewe, Félicité. Nikakaribishwa ndani. Ukutani kulikuwa na picha, imezungushiwa mbao za sanduku la sabuni. Wapagazi sita wamejitwika mizigo, ziwa letu liko nyuma yao. Chini, kwa wino, majina yao. La tatu: Nshimirimana, wa Luvungi, alikufa njia ya Tabora, 1916.

"Ni baba yake Modeste," Félicité akasema. "Alichukuliwa kubeba mizigo ya vita, Modeste akiwa bado tumboni. Mama mkwe alimngoja miaka arobaini na nne. Hakuna aliyemletea habari, kwa hiyo hakuweza kulia, wala hakuolewa tena. Modeste aliiomba hiyo picha kule Bruseli mpaka wakamtengenezea nyingine. Habari ya mufu haipiti kwa jirani kabla ya kumfikia mjane. Mama ndiye alipaswa kusikia kwanza, na weye wa pili. Ukoo ukatoa ng'ombe wa matanga. Tulikuwekea nafasi yako."

Nilitaka kupiga magoti, nikashindwa.

"Tuliambiwa ulichosema kule ofisini," akaendelea, sauti yake ile ile. "Kaa, mgeni hatoki na kiu."

Akaleta pombe ya ndizi ndani ya kibuyu, akaiweka mbele yangu. Nikangoja aonje. Akarudi kuketi, mikono juu ya magoti. Nikangoja tena.

"Kunywa," akasema Félicité. "Aliyekuwa anakuonjea hayupo."

Nikakishika kibuyu kwa mikono miwili, nikanywa mpaka chini, yeye akinitazama. Haikuwa na kitu. Ilikuwa pombe nzuri tu.