Wino wa Kifua cha Hind

Jumamosi asubuhi, mwaka wa pili tangu karakana ya kuyeyusha chuma ianze kutoa moshi mtaani Shimanzi, Hind binti Yeslam, mwenye miaka minane, alikohoa kwenye bakuli akalijaza nusu. Kilichotoka kilikuwa cheusi na laini. Mama yake, Afaf, alichovya kalamu ya tete akajaribu ukutani. Kiliandika vizuri.

Akakipeleka chuo cha Kurani, ambako watoto waliandika kwenye mbao kwa wino wa masizi. Kumi na mmoja kati yao walikuwa tayari na mabakuli yao ya kukoholea.

"Mwalimu, huu umetoka kifuani mwa mwanangu," alisema. "Yuwakohoa kutwa. Hata aya moja hawezi kuimaliza kwa pumzi moja."

Mwalimu Badawi aliligeuza bakuli kwenye mwanga. "Hauna hata chenga. Basi, Bi Afaf, tutawaandikia wenye karakana kwa wino uu huu, wauone wenyewe."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mwalimu alikuwa mtu wa adabu, na barua ya adabu huanza kwa salamu. Alimsalimu meneja, akawasalimu jamaa zake mmoja mmoja, akamtukuza kwa vyeo ambavyo hata mfalme wa kwao hakumpa. Karatasi ilipobaki nafasi ya vidole viwili, akaandika: moshi wenu umewajaa watoto wetu vifuani. Afaf, aliyekuwa akingoja mlangoni, alitamani kumpokonya kalamu. Lakini mwalimu ni mwalimu.

Barua ilifika mezani kwa karani wa karakana ikaanza kukohoa. Karani aliifungulia dirisha, moshi ukaingia, ikazidi. Akaifungia kwenye sanduku la bati hadi meneja aje kuisoma, akaendelea na kazi.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu. Meneja alishukuru kwa salamu. Yeye na jamaa zake walikuwa wazima. Mwandiko ulimpendeza, na wino haukufifia kwa unyevu. Aliomba chupa kumi na mbili kila mwezi.

"Na moshi je?" Afaf aliuliza.

"Hakuutaja."

Afaf akachovya kalamu, akamkabidhi. "Andika nyingine, mwalimu. Leo salamu ziwate, usiandike hata moja!"

Mwalimu akaandika mstari ule mmoja tu. Barua ilirudishwa siku ileile. Karani alikuwa ameandika pembeni kwamba haikuwa na salamu.

Jioni hiyo Hind alikuwa amebakiza sura mbili amalize juzuu. Alifika aya ya tatu akainua mkono. Afaf akamsogezea bakuli, akamshika mgongo. Bakuli lilijaa kabla sura haijaisha.